Mbegu Isiyotaka Jirani

Saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka kabisa, Tomaso Heche anatandika turubai mbele ya nyumba yake na kuanza kazi. Anashika shada la mabua makavu ya spinachi, analigeuza kichwa chini, kisha analisugua taratibu kwa viganja mpaka punje zinadondoka. Anapuliza makapi. Anaokota punje moja, anaibana kwa ukucha, anaitazama.

"Hii imekomaa," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mazungumzo ya namna hiyo ameyazoea. Tomaso ana miaka 66 na anaishi peke yake pembezoni mwa kata ya Machochwe, wilayani Serengeti, mahali ambapo mashamba ya watu yanakwisha na vichaka vya kuelekea hifadhini vinaanza. Siku mwandishi alipomfikia, alikuwa amemaliza siku nne bila kusema na mtu. Idadi hiyo anaijua kwa sababu mtu wa mwisho alikuwa mchunga ng'ombe aliyepotelewa na ndama.

"Nilimwambia ndama sijamwona," anasema. "Lakini nilifurahi kumwona yeye, nikafurahi mpaka akaanza kunishuku."

Kazi ya Tomaso si kuuza mboga. Anauza mbegu ya mboga: spinachi ile yenye jani pana na mguu mnene mweupe, ambayo akina mama wa Mugumu na Tarime huifunga mafungu sokoni. Wateja wake, wengi wao wakiwa kina mama wa kata ya Kemambo, huiita mbegu ya Boke. Anaipima kwa kizibo cha chupa ya soda, kizibo kimoja shilingi mia tano. Mwaka ukiwa mzuri hupata kama laki saba, fedha ambayo ukiigawa kwa miezi kumi na miwili haifiki elfu sitini.

Kwa Wakurya wa rika lake, utajiri wa mwanaume ni ng'ombe, na mboga ni mambo ya wanawake. Tomaso ametaniwa mpaka amechoka kuhesabu. Mnadani kuna mzee mwenzake ambaye kila akimwona humuuliza leo amepika nini.

"Namjibu, nimepika hicho ambacho mke wako alinunua mbegu yake kwangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

Mbegu hiyo ilianza na marehemu mke wake, Boke. Punje za kwanza alipewa na shangazi yake aliyekuwa akitunza bustani ya masista, wakati huo Boke na Tomaso wakiishi Kemambo, wilayani Tarime. Boke hakusoma sana, lakini kuchagua alijua. Kila msimu alipita kwenye matuta akiwa na vipande vya kanga kuukuu, na kila shina lililompendeza alilifunga kitambaa. Shina lenye kitambaa halikuchumwa jani hata moja, hata kama wageni wameshanawa na ugali umeshaepuliwa.

"Mimi niliona ni ukatili," Tomaso anakumbuka. "Sisi tunakula yaliyodumaa, mazuri yanatazamwa tu. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia, 'Baba Daudi, wewe fahali wako bora unamchinja ili ubaki na yule kilema?' Nikala."

Boke alitafuta majani yaliyokunjamana kidogo na mguu usio na nyuzi. Zaidi ya yote alitafuta shina lililochelewa kutoa ua, maana spinachi ikishachanua, majani huwa machungu na muuza mboga anabaki na kuni. Punje zake hazifanani na za mchicha. Ni vifundo vikavu, na kila kifundo hutoa miche miwili, mitatu, wakati mwingine minne, ambayo Boke aliipunguza mmoja mmoja kwa kidole huku akiongea nayo kama watoto wanaogombania kitanda.

Adui wa kazi hiyo ni upepo. Chavua ya spinachi ni vumbi jepesi linalosafiri mbali, na likikutana na ua la spinachi nyingine, au la bitiruti, ambayo ni ndugu yake wa damu, mbegu inayozaliwa ni chotara. Mkulima haoni kosa siku hiyo wala mwezi huo. Analiona mwaka unaofuata, miche inapotoka na miguu ya rangi ya waridi na kitu kama kiazi kilichoghairi chini ya udongo.

Kemambo kila nyumba ilikuwa na kibustani, na kila kibustani kilikuwa na shina lililoachwa likachanua. Bwana shamba mmoja akamshauri Boke atafute mahali ambapo kwa kilomita tatu hakuna mtu mwenye spinachi wala bitiruti. Boke akaenda nyumbani akamwambia mumewe kwamba wanahama.

"Watu wanahama kufuata malisho, wengine wanafuata dhahabu," anasema Tomaso. "Sisi tulihamishwa na mboga. Ndugu zangu hadi leo wanadhani nilikimbia kesi."

Walipata eka mbili Machochwe kwa bei nafuu kwa sababu ya tembo. Hakuna aliyetaka kufungua bustani mahali pale, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya mahali penyewe. Watoto walikua wakaondoka. Daudi yuko kwenye machimbo madogo ya dhahabu huko Nyangoto, Simon alivuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya miaka mingi iliyopita na hupiga simu wakati wa Krismasi, na binti yao ameolewa Tarime mjini. Wazee wawili wakabaki na matuta yao.

"Hatukuwa wapweke," anasema. "Boke alikuwa anaongea kwa niaba ya kijiji kizima."

Boke alifariki miaka sita iliyopita, baada ya kuugua moyo kwa miezi mitatu. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, Tomaso alikuta chini ya kitanda kopo la maziwa ya unga, mfuniko wake umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na mbegu ya msimu wa mwisho, iliyochaguliwa na mkono wa Boke mwenyewe. Aliamua kuendeleza kazi. Anasema wazi kwamba hakufanya hivyo kwa ajili ya fedha. Katika nyumba ile, hapakuwa na kitu kingine kilichokuwa bado kinamhitaji.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la mfugaji. Ng'ombe anayeshika mimba mapema ni ng'ombe wa kumshukuru Mungu, na Tomaso akaichagua spinachi kwa kipimo hicho hicho. Mashina yaliyowahi kuchanua akayafunga vitambaa, akavuna mbegu yake, akaiuza. Msimu wa pili akarudia. Ndipo mteja wake wa siku nyingi, Robi, akasafiri kutoka Kemambo na kifurushi mkononi.

"Baba, hii mbegu ina haraka ya kuzaa," Robi alimwambia. "Hatujachuma mara tatu, imeshatoa maua. Ile ya mama ilikuwa inatulia."

Tomaso aliimwaga mbegu yote kwa kuku na kurudi kwenye kopo la Boke. Akapanda nusu ya kilichobaki. Julai mwaka jana, mashina yakiwa yameanza kunyanyuka, tembo wakaingia alfajiri moja na kuyalaza yote. Alikwenda bustanini akakuta nyayo zimelowa umande, na kitambaa kimoja chekundu kimekanyagwa kwenye udongo.

Mwezi Novemba akapanda za mwisho. Mbegu ya spinachi ikitunzwa vizuri hukaa miaka minne, mitano kwa bahati. Hizi zilikuwa zinaelekea miaka sita.

"Punje mia nne," anasema, akihesabu kwa vidole kana kwamba bado anazitafuta. "Zilizoota hamsini na mbili. Zilizofika kutoa bua, arobaini na moja."

Idadi hiyo ina maana yake. Shina moja la spinachi halizai likiwa pekee, kwa kuwa chavua yake yenyewe hailifai. Ni lazima yawe mengi pamoja. Arobaini na moja yalitosha kwa kubanabana. Kopo lilikuwa tupu, na wateja hawana akiba, kwani wao hununua na kula. Kama mbegu ya mwaka huu ingeharibika, mbegu ya Boke ingekuwa imekwisha duniani.

Ni katika mwaka huo huo ambapo Tomaso alipata jirani.

Rahima ana miaka 43, mzaliwa wa Mugumu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani zamani na asirudi tena. Mumewe, Swaleh, ni fundi cherehani mjini. Januari, Rahima alikodi shamba linalopakana na la Tomaso, akajenga chumba cha mabati, akazungusha ua wa miiba. Mpishi wa hoteli moja ya watalii alikuwa amemwahidi soko la bitiruti na swidi.

Swidi ni mzizi mkubwa, wa njano ndani, wa ukoo wa kabichi. Rahima alikuja na pakiti tatu za aina tofauti na hakujua aanzie wapi. Siku ya pili alisimama kwenye mpaka, chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimeambiwa hapa ndipo kwa bingwa wa mbegu."

"Marahaba, mama. Bingwa alikufa," Tomaso alimjibu. "Mimi ni mlinzi tu. Karibu."

Kuhusu swidi, Tomaso hakuwa anajua chochote. Lakini kuchagua alikuwa amefundishwa. Alimwambia kila aina aipandie mstari wake, kwenye udongo mmoja, maji yaleyale, asiihamishe miche, na avute subira. Wakapita pamoja kila wiki wakitazama. Kufikia Mei, aina moja ilikuwa imepasuka pasuka, nyingine imekuwa na nyuzi. Ile yenye mabega ya zambarau ilikuwa imejaa, laini, na mpishi wa hoteli akaikubali. Zilizopasuka walizichemsha wakala wao.

"Unaionaje, mzee?" Rahima aliuliza.

"Ni kabichi imejificha kwenye kiazi."

Rahima alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kicheko hicho Tomaso anakisimulia mara mbili katika asubuhi moja, na mara ya pili anasahau kwamba ameshakisimulia.

Kila alasiri, akishaswali, Mama Maua, kama Tomaso alivyomwita Rahima kwa jina la binti yake, alikuja na chupa ya chai yenye iliki. Alizungumza habari za mjini, nani amefungua duka, nani amefumaniwa, mchele umepanda kiasi gani. Ijumaa Swaleh alifunga kazi mapema akaja kulala, na siku hiyo walikuwa watatu. Tomaso alipanda pikipiki hadi Mugumu kununua kigoda cha pili na cha tatu. Katika miaka yote tangu matanga, hakuwa amehitaji zaidi ya kimoja.

"Wanasema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali," anasema. "Mimi nilikuwa nausikia tu huo msemo. Mwaka huu niliujua."

Hoteli ilitaka bitiruti ndogo, za kuenea kiganjani, zinazong'olewa kabla ya kutoa ua, hivyo Tomaso hakuwa na wasiwasi nazo. Zilizopita kimo hicho Rahima aliziacha ardhini ziwe chakula cha mbuzi wake. Baridi ya Juni na Julai, ambayo huzichochea kuchanua, ikazikuta hapo. Mwanzoni mwa Agosti, wakati mashina arobaini na moja ya Boke yakijiandaa kufungua maua, bitiruti za Rahima nazo zikatoa mabua.

Tomaso aliyaona akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Aliyahesabu kwa macho, ishirini na tatu. Upepo wa alasiri ulikuwa ukitoka upande ule, ukipita juu yake, ukiingia bustanini.

Alikunywa chai siku nne akiyatazama. Kila siku alijiambia leo nitasema, na kila siku Mama Maua alimaliza hadithi zake, akasuuza vikombe, akaaga. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kuomba ni rahisi.

"Niliogopa mambo mawili," anasema Tomaso. "Akikataa, nimepoteza mbegu. Akikubali kwa kinyongo, nimepoteza chai. Halafu, mwanaume mzima, mzee wa ng'ombe, nimwambie mke wa mtu ang'oe mali yake kwa ajili ya mboga zangu? Ningeanzaje?"

Alhamisi Rahima alipakia mzigo wa swidi na kwenda Mugumu. Pikipiki ilipopotea sauti, Tomaso alitembea hadi kwenye ua wa miiba, akavuta matawi pembeni ili apite. Nguzo moja iliyokuwa imeliwa na mchwa ikaanguka na kipande kizima cha ua. Hakuisimamisha. Aliingia akang'oa bitiruti zote ishirini na tatu, mizizi na mabua. Alijua akikata bua tu, zitachipua pembeni. Haikumchukua saa nzima.

Anasisitiza kwamba alikusudia kusema. Alirudi kwake, akaosha mikono, akachemsha chai mwenyewe ili Rahima akirudi aikute. Aliweka iliki nyingi mno, ikawa chungu. Akakaa akipanga maneno.

Rahima alirudi saa tisa. Aliuona ua ulioanguka na mimea iliyotapakaa, na hakwenda shambani. Alikimbilia kwa Tomaso.

"Mzee! Mzee Tomaso! Tembo wamekuja mchana! Umeumia?"

Hapa Tomaso anazoa punje zilizoruka nje ya turubai, moja moja, anazirudisha.

"Hakuuliza mali yake," anasema hatimaye. "Aliuliza mimi. Alinishika mabega, akanigeuza hivi, ananitazama mgongoni kama nina damu. Ningesemaje baada ya hapo?"

Jioni hiyo alikuja mwenyekiti wa kitongoji, mzee Nyamhanga, na fomu ya kuombea kifuta jasho, fedha ambayo serikali huwapa walioharibiwa mali na wanyamapori. Ardhi ya Agosti ilikuwa ngumu kama sakafu, haikuonyesha unyayo wa tembo wala wa mtu. Mwenyekiti alihitaji shahidi.

"Mura, wewe ndiye uliyekuwepo," alimwambia Tomaso, akimwita kama Wakurya wanavyoitana. "Ulisikia nini?"

"Nilisikia vitu vikivunjika," Tomaso akasema.

Maneno matatu. Mwenyekiti akayaandika, Tomaso akaweka sahihi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo ilitosha kumfikisha mahali ambapo hadi leo hajaweza kurudi.

Fomu yenyewe haikufika popote. Rahima aliichana kesho yake, akasema mali ya mbuzi haistahili kumsumbua mwenyekiti. Kisha akasema jambo ambalo Tomaso hulisikia kila anapoamka.

"Bora walifika kwenye zile," alisema. "Nilikuwa nataka kuzing'oa wiki hii, zinanizibia mfereji wa maji. Ila ajabu, mzee, hawakuzila."

Angemwomba, angezing'oa. Angezing'oa huku akipiga hadithi, na pengine angemwita mzee amsaidie kuzibeba hadi kwa mbuzi.

Lakini tembo wa usiku ni jambo moja, na tembo wa mchana ni jambo lingine. Wa usiku hufukuzwa kwa moto na makelele. Anayekuja mchana, watu wakiwa macho, ni tembo asiyeogopa binadamu. Swaleh aliposikia habari hiyo alikuja Ijumaa na uso uliokunjamana. Alisema mkewe hawezi kulala mahali hapo. Rahima alijikaza wiki mbili, halali, akishtuka kila tawi likilia. Mwisho wa Agosti lori dogo likaja kubeba mabati, kitanda na mbuzi.

"Alilia," anasema Tomaso. "Akaniambia, 'Mzee na wewe ondoka, hao tembo watakuua na mbegu zako.' Mimi nikasaidia kupakia. Nilifunga kamba kwa mikono yangu hii, nikaikaza vizuri."

Angeweza kusema hapo. Lori lilikuwa bado limesimama, na kosa la mwizi wa bitiruti si la kumtoa mtu roho. Lakini kila siku iliyopita ilikuwa imeuongezea uongo uzito, na mzee aliona kwamba sasa hatakiri kung'oa mimea ishirini na tatu tu. Atakiri usingizi wa wiki mbili wa mtu aliyemkimbilia kumtazama mgongo.

Wiki hiyo hiyo spinachi ilikuwa kwenye maua. Upepo ulivuma kutoka upande wa Rahima, safi, bila chembe ya bitiruti.

Tomaso amejaribu mara mbili kurekebisha. Mwezi wa tisa alikwenda Mugumu, akafika stendi, akanunua chumvi, akarudi. Mwezi wa kumi alifika hadi barazani kwa Swaleh. Rahima alikuwa amekwenda Musoma kumuuguza binti yake. Swaleh aliinuka kwenye cherehani akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mzee wangu! Mke wangu hakuachi mdomoni. Una shida gani?"

Tomaso akatazama chini, akaona suruali yake, akasema goti limetoboka.

Swaleh alimpa kipande cha kitenge ajifunge, akaanza kushona kiraka. Tundu lenyewe lilikuwa la zamani, limeshaongezeka.

"Hili tundu umekaa nalo tangu lini?" Swaleh alimtania. "Mficha uchi hazai, mzee!"

Fundi akacheka. Tomaso, amekaa barazani kwa watu na kitenge kiunoni, akahisi machozi yanamjia, akajifanya vumbi limemwingia jichoni. Swaleh alikataa malipo. Alisema jirani hatozwi fedha kwa kiraka.

"Nikarudi na suruali nzima," anasema Tomaso.

Mabua yamekwisha sasa. Juu ya turubai kuna mbegu inayozidi kilo tatu, ya rangi ya udongo mkavu, mavuno bora tangu Boke alipofariki. Wiki iliyopita alizijaribu kwa njia aliyofundishwa na mkewe: punje mia moja ndani ya kitambaa kibichi, juu ya sahani, mahali penye kivuli. Siku ya nane alikunjua kitambaa na kuhesabu. Zilikuwa zimeota tisini na moja.

"Nilisema kwa sauti, 'Tisini na moja!'" anasema. "Kuku akageuka akanitazama. Ndiye aliyekuwepo."

Mbegu ya Boke imepona. Tomaso analitamka hilo kwa utulivu, bila furaha, kama mtu anayesema deni limelipwa lakini ng'ombe ameondoka. Upande wa pili wa mpaka, mahali palipokuwa na chumba cha mabati, majani yameota hadi kiunoni. Kuna swidi moja iliyosahaulika, imejichanulia maua ya njano, na Tomaso huimwagilia maji. Hajui kwa nini anaimwagilia. Haimdhuru, si ya ukoo wa spinachi.

Mwandishi anamuuliza kama angependa habari ya bitiruti iachwe nje ya makala. Mzee anamimina mbegu kwenye kopo, anafunga mfuniko, anakunja turubai pembe kwa pembe mpaka linakuwa dogo.

"Swaleh ananunua magazeti," anasema. "Anayakatia vipimo vya nguo. Lakini kwanza husoma yote, hata matangazo ya minada. Mke wake alikuwa ananiambia anamsomea kwa sauti, hata kama hataki kusikia."

Anakaa.

"Andika. Mimi kwa mdomo nimeshindwa mara mbili."

Anataka iandikwe kwamba ana mpango. Mbegu hii itakaa miaka minne bila kuharibika, kwa hiyo hana haja ya kuvuna nyingine mwakani, wala mwaka wa kesho kutwa. Kwa miaka mitatu mizima atauza hii iliyopo na kuchuma majani tu, na spinachi yoyote itakayonyanyua bua ataing'oa mwenyewe kabla ya ua. Mwaka wa nne, kama kutakuwa na jirani, atamwendea mapema na kumwomba, mchana kweupe, ana kwa ana.

"Mama Maua akirudi, bitiruti zake zichanue mpaka zichoke," anasema. "Ua nimeshausimamisha. Ile nguzo nimeweka ya mti mgumu. Na mfereji nimeuzibua."

Na kama baada ya kusoma hatataka kumwona tena?

"Ni haki yake. Lakini atalala. Atajua hakukuwa na tembo, ilikuwa mimi. Andika na jina langu lote, Tomaso Heche wa Machochwe, asije akadhani ni mzee mwingine."

Anamsindikiza mwandishi hadi kwenye njia ya ng'ombe, mahali pikipiki inapoweza kufika, na anazidi kusindikiza hata baada ya kuagana. Kisha anauliza gazeti hufika Mugumu siku gani. Anaambiwa Jumatano, na barabara ikiwa mbaya, Alhamisi.

Tomaso anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Basi Ijumaa sitaenda popote," anasema.